Swali Lenye Vyumba 52

Mwezi wa tano nilikuwa na mpango, na mpango ulikuwa na bei yake: shilingi 45,000. Kwa hizo pesa, kijana mmoja wa Nakuru anayepanga sherehe angeniletea herufi kubwa zinazowaka taa, zulia jekundu, mpiga picha mwenye droni, na maua ya waridi ya plastiki. Waridi halisi ni elfu nane zaidi, akasema, na hapo Naivasha tu ndipo yanapokatwa ya kupelekwa Ulaya. Marafiki wanane wangejificha nyuma ya miti mpaka nipige goti. Mahali nilichagua bila hata kufikiria. Ukiwa kijana wa Nakuru, Njoro, Elburgon au kwetu Molo, na unataka kumposa msichana mahali pa kukumbukwa, unajua ni wapi. Ni kwa kasri la Lord Egerton.

Nilikuwa na 31,000. Zilizobaki ningekopa kwa simu, kama kawaida.

Kazi yangu ni kuandika. Naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya sufuria zinazouzwa mtandaoni, hotuba za mazishi, wasifu wa wagombea udiwani. Nimeshawaandikia wanaume watatu maneno ya kupropozi, na wote watatu walikubaliwa. Kwa hivyo maneno hayakunitisha. Lakini nilipokaa chini kuandika yangu, nikakwama kwenye sentensi ya kwanza, ile ya swali lenyewe.

Jaribu kuiuliza kwa Kiswahili. "Nikuoe?" inasikika kama "nikufungie ngapi?" dukani. "Utaolewa na mimi?" ni kama swali la kwenye fomu. Ndio maana wote tunasema kupropozi na tunaendelea na maisha. Kiswahili chenyewe kina posa, na posa si neno la mtu mmoja kupiga goti. Posa hupelekwa. Kule Pwani hupelekwa na mshenga au wazee, hupokelewa, husubirishwa, na wakati mwingine hukataliwa, na aliyeipeleka hurudi kwao bila mtu kumchukua video. Hilo la kukataliwa nililisoma nikalipita haraka. Nilikuja kulirudia baadaye.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, nilipanda matatu Molo asubuhi na mapema, ile baridi yetu ya kukufanya uone pumzi yako, nikapitia Elburgon mpaka Njoro, kisha boda mpaka kwa kasri. Nilienda kuangalia jua linaangukia wapi saa kumi jioni. Mpiga picha alikuwa ameniambia mwanga ndio kila kitu.

Mwongoza wageni akaniuliza kama nimekuja pekee yangu. Nikasema ndiyo, leo. Akacheka, akajua. Halafu akanipa hadithi ambayo kila mtoto wa shule aliyeletwa pale kwa basi ameisikia. Lord Egerton alipenda mwanamke kutoka Ulaya. Akamleta Njoro kumwonyesha nyumba yake. Mwanamke akaitazama, akasema hicho ni kizimba cha kuku. Mwanamume akaumia, akaanza kujenga kasri la mawe lenye vyumba 52, kama yale ya kwao Uingereza. Alipomaliza akamwita tena. Mwanamke akazunguka, akasema sasa hii ni makumbusho, akaenda zake. Tangu hapo, hadithi inasema, Lord Egerton hakutaka kuona mwanamke yeyote kwenye ardhi yake, na akaishi humo mpaka akafa.

Nilisimama kwenye ukumbi wa dansi, wenye kinanda cha mabomba kilichojengewa ukutani, nikajaribu kufikiria watu wakicheza humo. Sikuweza. Lakini nje kulikuwa na wapenzi wawili wakipiga selfi, na wikendi watu hufanya harusi kwenye hizo nyasi. Hapo ndipo nilijiuliza swali ambalo kwa kweli ningepaswa kujiuliza kabla ya kuulizia bei ya herufi: kwa nini sisi wote tunakuja kuomba mapenzi mahali palipojulikana kwa sababu mtu alikataliwa mara mbili?

Nikirudi nyumbani nikaanza kusoma. Niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha.

Maurice Egerton alizaliwa 1874, akawa Baroni wa nne wa Egerton wa Tatton, na Tatton ni jumba la familia yao huko Cheshire, Uingereza, lenye bustani ambazo watu bado hulipa kuingia. Alikuwa mtu wa mashine. Aliwajua ndugu Wright, wale wa ndege, na 1910 akapata leseni ya urubani ya Uingereza nambari 11. Alipenda kupiga picha na kuwinda. 1939 alitoa ekari 740 za kuanzisha shule ya kilimo hapo Njoro ya kufundisha vijana wa Kizungu kuwa wakulima. Ndiyo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ndicho kinachosimamia kasri. Alikufa Januari 1958, hajaoa, hana mtoto, na ubaroni wake ukaishia kwake. Tatton ikaenda kwa shirika la kuhifadhi urithi la Waingereza.

Sasa weka tarehe za kasri kando ya hizo. Ujenzi ulianza 1938 na ukaisha 1954. Piga hesabu. Huyu mpenzi wetu aliyevunjwa moyo alianza kujenga akiwa anakaribia miaka 64, na akakabidhiwa funguo karibu na 80. Kwenye kichwa changu alikuwa jamaa wa miaka thelathini mwenye masharubu. Kumbe ni mzee wa umri wa shosho yangu, anajenga kwa miaka kumi na sita.

Na mwanamke? Hadithi haimpi jina. Inampa sentensi mbili tu, kizimba cha kuku na makumbusho, na zote mbili tunazisimulia ili tumcheke au tumlaumu. Lakini hebu mchukue kwa uzito kidogo. Mtu anakuuliza kama utaishi naye, unasema hapana. Yeye anasikia umekataa nyumba. Anaenda kujenga nyumba kubwa zaidi, anarudi na swali lilelile, sasa likiwa limesimama kwa mawe, na dunia nzima inangoja useme ndiyo kwa sababu angalia amejenga! Alikuwa na njia gani ya kukataa kwa heshima? Ndani ya hiyo hadithi mimi namwona kuwa ndiye mtu pekee aliyejibu swali lililoulizwa.

Nilimsomea shosho haya yote. Shosho ana miaka karibu themanini na huniita mume wake, vile shosho wa Kikuyu huwaita wajukuu wa kiume. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza mbuzi walikuwa wapi.

"Mbuzi gani?"

"Huyo mzungu akijenga, mbuzi zetu zilikuwa wapi? Uliza hiyo."

Nikauliza. Mwanahistoria Tabitha Kanogo ana kitabu kizima kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa, wale Waafrika walioishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi huku Nakuru, Naivasha, Njoro na Molo. Mwanzoni wengi walikuja na mifugo yao, na mifugo ikaongezeka. Walowezi hawakupenda, kwa sababu mtu mwenye mbuzi mia hana haja kubwa ya mshahara wako. Miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ikaanza kuondolewa mashambani kwa nguvu, na watu wakauita uondoaji huo kwa neno la Kiswahili, kifagio. Halafu ikaja sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940. Ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza shamba na mifugo ya skwota, na kuongeza siku anazomfanyia kazi mwenye shamba mpaka 270 kwa mwaka.

Sasa fikiria kijana wa miaka ishirini na kitu kwenye hayo mashamba, 1940. Anampenda msichana. Ili kuuliza, kwa desturi ya Wakikuyu, anahitaji mbuzi wa kwanza wa kupeleka, na wengine wa ruracio, mahari yenyewe. Wakipsigis nao walihitaji ng'ombe na mbuzi. Kifagio kimepita. Kwa hivyo mwaka uleule ambao mawe ya swali la mtu mmoja yalikuwa yanapanda Njoro, vijana wa upande huu walikuwa wamenyang'anywa kitu cha kuulizia. Hii sijaisikia kwa mwongoza wageni hata siku moja, na simlaumu, mimi pia nilikuwa nimeishi miaka 26 kilomita chache tu kutoka hapo bila kuiwaza.

Baba yake shosho alikuwa mmoja wao, skwota upande wa Elburgon. Alienda kumposa mama yake shosho na mbuzi wawili na ahadi. Baba ya msichana naye alikuwa skwota, naye alikuwa amehesabiwa mbuzi zake, kwa hivyo akaelewa. Msichana akaitwa mbele ya wazee. Shosho anasema ilikuwa hivi: pombe ya muratina inamiminwa kwenye pembe, na binti anaulizwa, tuinywe au tusiinywe? Akionja, amekubali, wazee wanakunywa. Akikataa kuonja, hakuna anayekunywa, na wageni wanasindikizwa. Mama yake alionja. Mbuzi waliobaki walilipwa kidogokidogo, na wa mwisho wakalipwa Nyandarua baada ya uhuru. Shosho anakumbuka akiwa msichana mkubwa, akiwakimbiza kwenye umande mbuzi wa mahari ya mama yake mwenyewe.

Sitaki kukudanganya kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa. Kuna mabinti walioonja kwa sababu ya jicho la baba. Lakini angalia utaratibu wenyewe. 1938, mwaka ambao kasri lilianzishwa, Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi wa anthropolojia London, alichapisha kitabu chake Facing Mount Kenya, na kwenye sura ya ndoa akawa anajibu wazungu waliodhani wasichana wa Kikuyu huuzwa. Hoja yake ni kwamba kijana na msichana huchaguana wenyewe, halafu familia ndizo zinazofuata kuuliza na kuulizana. Kulikuwa na hatua nyingi, na kila hatua ilikuwa na mlango wa kutokea.

Wa kwangu ulikuwa na milango mingapi? Watu wanane nyuma ya miti, droni juu, herufi zinazowaka, na yeye katikati ya zulia. Hesabu ni rahisi. Hakukuwa na hata mmoja.

Wakati huo nikakumbuka kwamba posa maarufu zaidi iliyowahi kutolewa kwenye nchi hii haikuwa na droni. Oktoba 2010, Prince William alimposa Kate Middleton kwenye kibanda cha mbao huko Rutundu, kando ya ziwa, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Pete ilikuwa ile ya mama yake, Diana, yenye yakuti samawi, na baadaye alisema aliibeba kwenye mkoba wa mgongoni karibu wiki tatu akiogopa kuipoteza. Watu wawili, baridi, na moto wa kuni. Dunia ilikuja kuambiwa tarehe 16 Novemba. Kwenye mahojiano ya siku hiyo waliulizwa kwa nini walichelewa miaka yote hiyo, na jibu la William lilikuwa kwamba alitaka ampe nafasi ya kuyaona maisha ya ndani ya ile familia, na kujiondoa kama angeona hayawezi. Mtu ambaye ukoo wake una makasri ya kutosha aliyaacha yote Uingereza, akaja kuuliza kwenye kibanda kwetu. Mimi, kijana wa Molo mwenye 31,000, nilikuwa nakimbilia kasri.

Sasa nifike kwenye sababu ya kweli, ambayo nimeizunguka tangu juu.

Wazazi wa mpenzi wangu wanadhani niko chuo. Niliacha mwaka wa pili, 2020, karo iliposhindikana. Yeye anajua. Lakini siku ya kwanza nilipokutana na baba yake, mzee aliniuliza nasoma nini, nikajibu kana kwamba bado nasoma, na uongo ukakaa pale mezani pamoja na chai. Kila Krismasi anauliza nimebakisha nini. Kila Krismasi mpenzi wangu anatazama kikombe chake. Nilitaka kasri kwa sababu ile video ingemfikia baba yake kabla ya mimi kufika. Kwamba angeona mawe, taa na bintiye akilia kwa furaha, na asiulize tena. Egerton aliambiwa hapana akaongeza vyumba. Mimi nilikuwa nimeanza kuongeza vyumba hata kabla sijaambiwa.

Na kuna jingine. Mimi ni Mkikuyu, wao ni Wakipsigis, na sote ni wa Molo. Mwenye masikio ameshaelewa. Mapema 2008 nilikuwa darasa la pili, na tulilala wiki nyingi kwenye uwanja wa kanisa chini ya karatasi ya nailoni. Kwao nao kuna nyumba iliyochomwa, na binamu ambaye hazungumziwi. 1992 wazazi wetu walikuwa wameshayaona hayohayo. Sisi wawili tunapendana vizuri tu, hilo si gumu. Ambalo halijawahi kutokea ni mjomba wangu kuingia sebule ya baba yake, kuketi, na kupewa mursik. Hakuna kasri linaloweza kufanya hiyo kazi. Wapo wanaosema mambo ya wazee na mahari yamepitwa na wakati, na kuna siku nawaunga mkono, hasa nikiona familia zinavyokaba vijana koo kwa mamilioni. Lakini kwa watu wa Molo, posa inayopelekwa na miguu ya wazee ina maana ambayo mtu wa Kilimani huenda asiione.

Nilimpigia kijana wa herufi nikamwambia basi. Amana yangu ya elfu tano haikurudi, na sitapigana.

Jumapili hiyo nikamkuta mpenzi wangu Molo mjini, tukanunua chipsi, ambazo ni viazi vya kwetu wenyewe, tukakaa karibu na stesheni ya reli. Nikamwambia yote, kasri, marafiki wanane, droni. Akaniambia alikuwa anajua. Rafiki yangu mmoja hawezi kufunga mdomo.

"Ungesemaje?" nikauliza.

"Ningesema ndiyo," akasema. "Droni iko juu, ningesema nini? Halafu ningeenda nyumbani nilie."

Sikuwa na la kuandika hapo. Akala chipsi mbili tatu. Akaniambia: "Mwambie baba ukweli. Ukitoka huko na bado unataka kuniuliza, uniulize."

Nilienda Kuresoi Jumatano. Mzee alikuwa shambani anakagua viazi, akaniacha nimwambie tukiwa tumesimama. Aliuliza niliacha mwaka gani. Nikasema. Akauliza kwa nini. Nikasema karo. Akauliza kwa nini nilidanganya, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko yale mengine mawili. Hakunikemea. Aliinama, akachomoa shina moja, akaangalia mizizi, akalirudisha.

"Kijana," akasema, "hiyo kazi ya kuandika inalipa?"

"Kuna miezi inalipa, Mzee."

"Kama viazi tu."

Halafu, wakati tunarudi nyumbani, akaniambia kama kuna jambo nataka kusema juu ya bintiye, nisimwambie yeye. Nilete wazee wangu waseme, nao watauliza msichana wao, na msichana wao atasema anavyotaka. Na waje mchana, kwa sababu barabara ya huku ni mbaya jioni. Sijui kama alimaanisha matope peke yake.

Jioni ileile nilimuuliza, kwa simu, nikiwa nyuma ya boda, kwa sentensi mbovu kuliko zote nilizowahi kuandika. Akasema atajibu mbele ya wazee, kama binti wa watu. Nikamsikia anacheka.

Kwa hivyo tunaenda Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Zile 26,000 zimebaki hivi: kukodisha Probox mbili, sukari, majani chai na unga, blanketi mbili nzito, leso ya mama yake, na mafuta ya kurudi ikiwa jibu ni hapana. Mjomba amekubali kuwa msemaji, baada ya kunyamaza siku tatu. Shosho ameshasema atakaa kiti cha mbele.